Fahamu: Kwa nini chumvi ya dukani haibadilishi pH ya maji, musherekha hubadilisha

Jikoni Kakamega huenda ukakuta chumvi mbili: ya dukani, pengine iliyovunwa baharini kule Gongoni, na musherekha, maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe. Ukipima kwa nyuzijoto 25, maji ya chumvi safi ya mezani yana pH ya 7. Musherekha hupanda juu zaidi.

Tofauti imo katika wazazi wa chumvi. Ya mezani huzaliwa na asidi yenye nguvu, hidrokloriki, na besi yenye nguvu, hidroksidi ya sodiamu. Ikiyeyuka, ayoni zake hazichukui chochote kutoka kwa maji, hivyo hidrojeni na hidroksidi hubaki sawa.

Musherekha una kaboneti ya potasiamu kwa wingi. Kaboneti hutokana na asidi dhaifu, nayo hunyang'anya maji hidrojeni na kuacha hidroksidi ikizidi. Hidroksidi hiyo ndiyo hulainisha mrenda na kunde upesi, na kuacha mboga zikiwa za kijani kibichi. Mama zetu waliimudu kemia hii bila maabara, na wanastahili heshima yake. Lakini tia musherekha kidogo tu: ukizidi, huharibu vitamini C.