Ukoo wa Butler wa Georgia: Jina, Urithi na Maandishi katika Vizazi Vitano

1.0 Utangulizi

Historia ya wenye mashamba makubwa wa kusini mwa Marekani imetegemea sana maandishi ya wenye mashamba wenyewe. Wasia, barua, madaftari ya hesabu na vitabu vyao vimehifadhiwa kwa sababu kalamu ilikuwa mikononi mwao, na nyumba za kuyatunzia maandishi zilikuwa zao. Makala hii inachunguza ukoo mmoja, wa Butler, uliomiliki mashamba katika mlango wa mto Altamaha, jimboni Georgia. Hoja yake ni kwamba kudumu kwa ukoo huo kulitegemea kukatwa kwa koo nyingine, na kwamba jambo hilo hudhihirika pale maandishi ya ukoo yanaposomwa sambamba na orodha ya mnada wa mwaka 1859.

2.0 Mwasisi na Wasia Wake

Pierce Butler alizaliwa Ireland mwaka 1744, akiwa mtoto wa kiume wa tatu wa kabaila. Kwa desturi ya huko, ardhi ya baba haikuwa fungu lake. Alifika Amerika akiwa ofisa wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1771 akamwoa Mary Middleton, binti wa ukoo tajiri wa South Carolina. Ndoa hiyo ndiyo iliyomwingiza katika tabaka la wenye mashamba na watumwa. Mwaka 1787 alikuwa mjumbe wa mkutano wa Philadelphia uliotunga Katiba, na ndiye aliyependekeza kifungu kilichotaka mtumwa aliyetorokea jimbo jingine arudishwe kwa mmiliki wake. Hivyo basi, andiko la ukoo huu lililokuwa na athari kubwa kuliko yote lilikuwa sheria.

Baadaye Butler aliimarisha mashamba mawili Georgia: Butler Island, lililolimwa mpunga, na Hampton, katika kisiwa cha St. Simons, lililolimwa pamba ya nyuzi ndefu. Usimamizi aliuacha kwa Roswell King, kisha kwa mwana wa King, naye mwenyewe akafariki Philadelphia mwaka 1822. Wajukuu wake, watoto wa binti yake Sarah, waliruhusiwa kurithi kwa sharti moja: waliache jina la baba yao, Mease, wachukue la Butler. Kwa watu hawa, jina lilikuwa ufunguo wa mali.

3.0 Mume na Mke

Mjukuu mmoja, naye akiitwa Pierce, alimwoa mwaka 1834 Fanny Kemble, mwigizaji mashuhuri kutoka Uingereza. Kuanzia Desemba 1838 hadi Aprili 1839 Kemble aliishi katika mashamba ya mumewe, akaandika aliyoyaona. Wanawake walimwendea kumwomba awaombee kwa bwana, kwani walirudishwa kazini wiki tatu tu baada ya kujifungua. Aliyafikisha maombi yao, mpaka mumewe akakataa kuyapokea tena kupitia kwake. Walitalikiana mwaka 1849, na kitabu cha Kemble hakikuchapishwa hadi mwaka 1863, vita vikiendelea. Ikumbukwe kwamba yeye alilalamika akiwa ndani ya nyumba iliyolishwa na jasho la hao hao waliomlilia.

4.0 Mnada wa 1859

Kamari na msukosuko wa fedha wa mwaka 1857 vilimwangusha Butler katika madeni. Tarehe 2 na 3 Machi 1859, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck karibu na Savannah, watu wake walipigwa mnada. Orodha iliyochapishwa ilikuwa na watu 436, kila mmoja na namba yake. Mapato yalikuwa dola 303,850. Mume, mke na watoto wao wadogo waliuzwa pamoja. Ndugu, wazazi wazee na wachumba hawakuhesabiwa kuwa familia.

Mwandishi wa gazeti Mortimer Thomson, aliyejifanya mnunuzi, alisimulia habari za Jeffrey, namba 319, mwenye umri wa miaka 23, aliyemsihi mnunuzi wake amnunue pia mchumba wake Dorcas, namba 278. Dorcas aliuzwa katika kundi la watu wanne. Mnunuzi hakuwataka wote, nao wakatenganishwa. Mjukuu aliyekuwa amepewa jina ili arithi aliwauza kwa namba watu aliowarithi.

5.0 Baada ya Vita

Vita viliwagawa mabinti wa Butler: Sarah alikuwa upande wa Kaskazini pamoja na mama yake, Frances upande wa Kusini pamoja na baba yake. Mwaka 1866 Frances alirejea Georgia na baba yake, aliyefariki mwaka uliofuata. Katika kitabu chake cha mwaka 1883 anaeleza kwamba baadhi ya waliouzwa mwaka 1859 walikuwa wamerudi. Yeye aliuona urejeo wa watu kuwa dalili ya mapenzi yao kwa baba yake. Lakini ushahidi huo huo waweza kusomwa vingine: walirudi palipokuwa na jamaa zao na makaburi ya wazee wao. Mwana wa Sarah, Owen Wister, aliyepata sifa kwa riwaya yake ya mwaka 1902, The Virginian, aliisawiri jamii ya makabaila wa Kusini kwa huruma katika riwaya ya mwaka 1906, Lady Baltimore.

6.0 Hitimisho

Ukoo wa Butler ulitofautiana wenyewe kwa wenyewe kuhusu utumwa, na tofauti hizo zimeandikwa vizuri. Hata hivyo, kwa Jeffrey na Dorcas uamuzi haukutokana na mabishano hayo, bali na haki ya kurithi na kuuza. Mwaka 2008 kibao cha kumbukumbu ya mnada huo kiliwekwa Savannah. Orodha ya mnada nayo imegeuka kuwa nyenzo ya kuwatafuta wazao wa waliouzwa. Andiko lililokusudiwa kuthamini watu kwa dola sasa husaidia kurejesha nasaba lililozikata. Mtafiti anayeanza na vitabu vya ukoo peke yake atawajua vizuri wauzaji. Akitaka kuijua historia yenyewe, hana budi aanze na orodha.