Kasumulu: Notisi ya Miaka na Notisi ya Siku Sita

Mkulima wa Kyela ana wateja wa namna mbili, walio mbali sana na walio jirani kabisa. Kakao yake hupelekwa ghala la ushirika, hupigwa mnada, kisha husafirishwa ng'ambo. Mchele wake, ambao jina la wilaya limekuwa sifa yake katika masoko ya nchi nzima, hupanda kwenda Mbeya na Dar es Salaam, na mwingine huteremka kuvuka daraja la Songwe pale Kasumulu, mpakani, kuingia Malawi. Ndizi hufuata njia hiyohiyo ya Songwe, zikiwamo zile zinazoshuka kutoka milima ya Rungwe, kwa sababu Malawi ilipoteza migomba mingi kwa ugonjwa wa virusi unaodumaza majani. Sera za nchi tajiri na sera za nchi maskini hukutana basi katika shamba moja, na anayezilinganisha hapo ataona jambo ambalo mijadala yetu ya uchumi hulipita haraka. Sera za pande zote mbili ni kali. Lakini tajiri humpa mkulima huyu muda wa kujipanga, na jirani na serikali yake mwenyewe hawampi.

Tuanze na kakao. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozuia kuingizwa kwa kakao, kahawa, soya na bidhaa nyingine zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Mnunuzi anatakiwa kuonyesha shamba liko wapi, kwa vipimo vya ramani. Ni sharti zito kwa mtu mwenye ekari mbili, na lina harufu ya kutotenda haki, kwani Ulaya ilikwisha kufyeka misitu yake yenyewe karne nyingi kabla mtu yeyote hajaidai ramani. Hata hivyo, kanuni ilipitishwa katikati ya 2023 ili ianze kutumika mwishoni mwa 2024. Watu walipolalamika kwamba muda hautoshi, utekelezaji ulisogezwa mbele mwaka mmoja, kisha ukasogezwa tena. Chama cha msingi cha ushirika kilichotaka kupima mashamba ya wanachama wake kilipata misimu kadhaa ya kufanya hivyo.

Sasa tutazame upande wa daraja. Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku kwa miaka miwili uingizaji wa bidhaa kadhaa za nje, mchele na unga wa mahindi vikiwamo, na Tanzania ikalalamika kwamba ndizi na tangawizi zake nazo zimefungiwa mlango. Mwezi Machi mpunga wa Kyela uko shambani. Aliyeulima alikwisha kununua mbegu, kulipa vibarua na pengine kukopa, akihesabu soko lililokuwapo siku alipopanda. Aprili 17 Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, alitoa onyo kwa Malawi, na kwa Afrika Kusini iliyokuwa imezuia ndizi zetu kwa miaka, kwamba zisipofungua masoko yao hadi Jumatano iliyofuata, mazao yao nayo hayataingia Tanzania. Jumatano ikafika, marufuku ikatangazwa. Kabla mwezi haujaisha ikaondolewa ili kupisha mazungumzo.

Wapo waliosema basi, mambo yamekwisha salama. Kwa wakubwa yalikwisha. Mfanyabiashara mwenye ghala Mbeya anaweza kungoja wiki mbili, au akageuza gari kuelekea Tunduma na Zambia. Mchuuzi anayevusha mikungu ya ndizi mtaji wake wote umo ndani ya ile mikungu, na sehemu ya mtaji huo ni fedha ya kikoba inayotakiwa kurudi Jumamosi. Ndizi haingoji mawaziri wakutane. Ikiiva imeiva, na baada ya hapo thamani yake inashuka kila jua linapochomoza. Msamaha unaokuja wiki moja baadaye humkuta mwenye ghala akiwa na mali yake na mchuuzi akiwa na deni.

Wala Aprili 2025 haikuwa ajali ya peke yake. Desemba 2023 Malawi ilizuia mahindi ya Tanzania na Kenya ikitaja ugonjwa hatari wa mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache tu na kuweka masharti ambayo ingeweza kuyatangaza tangu mwanzo. Sisi wenyewe tulizuia mahindi yasitoke nchini mwaka 2011 na tena 2017, na walioumia ni wakulima wa nyanda za juu kusini, ambao walivuna vizuri wakakuta mlango umefungwa. Majirani wote wa ukanda huu wamewahi kutendewa hivyo na wamewahi kutenda hivyo.

Ipo hoja ya Malawi, na ni hoja nzito. Nchi haina bandari ya bahari, hutegemea tumbaku kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni, na Novemba 2023 ililazimika kushusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Serikali inayohangaika kupata dola za kununua mafuta ya gari na mbolea haiwezi kulaumiwa kwa kutaka kupunguza manunuzi ya nje. Ila sehemu kubwa ya biashara ndogo ya Songwe haiendi benki kutafuta dola. Hulipwa kwa kwacha na shilingi mikononi mwa wabadilisha fedha wa mpakani, kati ya Wanyakyusa na Wangonde ambao lugha zao na koo zao zilikuwapo kabla Waingereza na Wajerumani hawajaugawa ukanda huu mwaka 1890. Kumzuia mchuuzi huyo kunaokoa dola chache mno, na kunamsukuma kwenye njia za panya, ambako hakuna ushuru unaolipwa wala mkaguzi wa mimea anayetazama mzigo. Marufuku iliyowekwa kwa ajili ya ugonjwa au mapato hugeuka kuwa njia ya ugonjwa na tundu la mapato.

Hoja ya pili ni yetu, kwamba kulipiza kisasi kulifaa kwa kuwa Malawi ilikuja mezani upesi. Ni kweli ilikuja. Lakini Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akazungumza na Rais Uhuru Kenyatta, na mgogoro wa mahindi ukatulia bila Tanzania kufungia mazao ya Kenya. Meza ilikuwapo siku zote. Tanzania na Malawi zote zimo katika jumuiya ya kikanda ya SADC, ambayo itifaki yake ya biashara ya 1996 inakataza vizuizi vya aina hii isipokuwa kwa sababu maalumu. Nchi hizi mbili zimeweza hata kuunda tume ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe huku zikibishana juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa. Zinazoweza kupanga pamoja maji ya mto zinashindwaje kupanga tarehe?

Hoja ya tatu husikika zaidi siku hizi: hata wakubwa wanafanya. Aprili 2 mwaka huohuo wa 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima, Tanzania ikipangiwa asilimia 10 na Malawi asilimia 17. Ulikuwa uamuzi wa ghafla na wa kibabe, na wiki moja baadaye sehemu yake kubwa ikasitishwa kwa siku 90. Lakini tajiri anapokosea ana godoro la kuangukia. China ilipoilenga soya ya Marekani katika mvutano wa 2018, serikali ya Washington ilitenga hadi dola bilioni 12 kuwasaidia wakulima wake, na mwaka uliofuata ikatangaza bilioni 16 nyingine. Hazina zetu haziwezi hilo. Nchi isiyoweza kulipa fidia inapaswa kuwa mwangalifu kuliko ile inayoweza, na uangalifu wa bei nafuu kuliko wote ni kutoa taarifa mapema.

Kuna pingamizi moja lililobaki, nalo lina mashiko: ukitangaza marufuku mapema, tuseme miezi mitatu kabla, wajanja watakimbiza mahindi mpakani kabla mlango haujafungwa. Kwa nafaka inawezekana, na kiwango cha juu cha kila mwezi kinaweza kuwekwa katika kipindi hicho. Kwa ndizi, nyanya na tangawizi mbichi haiwezekani kulimbikiza. Ugonjwa wa mimea nao una utaratibu wake: nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, sisi na Malawi tukiwamo, zilikubaliana Doha mwaka 2001 kwamba kanuni mpya za afya ya mimea kwa kawaida zipewe angalau miezi sita kabla ya kuanza, isipokuwa kwa dharura. Kinachotakiwa ni kupeleka kanuni hiyo kwenye marufuku za fedha za kigeni na za kulinda viwanda: siku 90 za taarifa, na mzigo uliokwisha kuwa barabarani upite. Dodoma na Lilongwe zinaweza kuliandika hili katika makubaliano ya kurasa mbili bila kungoja mkutano wa wakuu wa nchi.

Onyo la 2025 lilitolewa Alhamisi, marufuku ikafuata Jumatano. Katikati palikuwa na Ijumaa Kuu, Pasaka na Jumatatu ya Pasaka. Mtu wa Kasumulu aliyetaka kuuza, kurejesha mzigo au kudai malipo yake upande wa pili alibakiwa na siku moja kamili ya kazi, Jumanne.