Karati 18, betri saa 18

Harusi ni Jumamosi, na kwenye meza moja ya barabarani hapa Katuba saa janja za rangi ya dhahabu zimepangwa juu ya kitambaa cheusi, zinameremeta kupita pete ya bwana harusi mwenyewe. "Mukubwa, hii iko ya dhahabu kweli, pima uzito wake," kijana ananiambia, akinitilia moja kiganjani. Nzito, sikatai. Lakini shaba nayo ni nzito, na mtu wa Katanga hahitaji kufundishwa uzito wa shaba.

Bei: dola 60. Hapo hapo hesabu inakwisha. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 na ushei, ilipita dola 4,000. Kwa bei hiyo, dola 60 hazikupi hata nusu gramu ya dhahabu safi, achilia mbali saa yenye kioo, betri na mkanda. Unachouziwa ni rangi.

Rangi si dhambi, ila ujue umri wake. Jirani yangu alinunua ya namna hiyo mwanzoni mwa masika. Mvua zilipokatika, ukingo wa upande wa kifundo ulikuwa umepauka, mweupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, pale pale mkono wa shati unapopita kila siku. Jasho na vumbi letu jekundu vilimaliza kazi. Muuzaji alimwambia ni jasho lake lina chumvi nyingi.

Sasa wapo watakaosema: basi tununue ya kweli. Ya kweli ilikuwepo. Aprili 2015 Apple ilitoa saa ya dhahabu ya karati 18, bei kuanzia dola 10,000 hadi 17,000. Mwaka huo huo, kampuni hiyo hiyo iliuza ya alumini kwa dola 349. Ndani ya zote mbili mlikuwa na chipu ile ile na programu zile zile. Zote ziliahidiwa saa 18 kwa chaji moja. Karati 18, betri saa 18: aliyelipa mara 28 zaidi alitafuta soketi jioni ile ile na mwenye ya alumini.

Tuiweke kwenye mizani ya sonara. Saa ile haikufika gramu 70. Tujifanye yote ni dhahabu, hata kioo. Karati 18 ni robo tatu dhahabu, robo metali nyingine, kwa hiyo dhahabu safi ni gramu 52 hivi. Kwa bei ya 2015, wakia ikiwa karibu dola 1,200, hiyo ni kama dola 2,000. Zile 8,000 zilizobaki ulilipia nini? Jina na sanduku.

Septemba 2016, mwaka mmoja na nusu tu, Apple iliiondoa sokoni ikaleta ya kauri kwa dola 1,249. Mwaka 2018 programu mpya ya saa zake ikaruka kizazi chote cha kwanza, cha dhahabu na cha alumini. Metali haikuoza. Kilichokufa ni utumbo, na utumbo ndio saa.

Mwenye dola 10,000 mwaka ule angenunua dhahabu yenyewe, wakia nane na kidogo, akaifungia kabatini. Kufikia Oktoba 2025 angekuwa na zaidi ya dola 33,000, bila kuchaji hata siku moja.

Kwa hiyo ukitaka dhahabu, nenda kwa sonara. Nunua pete au hereni, ipimwe kwa gramu mbele yako. Namba 750 ni karati 18. Ukiona herufi GP baada ya karati, hiyo imepakwa tu. Muhuri nao unaweza kudanganya, kwa hiyo mwombe aisugue kwenye jiwe lake na kuitilia asidi. Usidanganywe na sumaku: dhahabu haivutwi, lakini shaba nyeupe na njano pia hazivutwi.

Ukitaka saa, angalia mwili. Alumini ni nyepesi na rahisi, lakini inabonyea ikigonga mlango wa teksi. Inoksi, ile ya sufuria nzuri, ni nzito kidogo na bei inapanda, ila mikwaruzo yake unaing'arisha na rangi haibanduki kwa sababu ndiyo rangi yake. Titani ni nyepesi na ngumu. Kwa mfuko wetu iache. Mimi ningechukua inoksi isiyopakwa kitu.

Kabla ya kulipa, uliza mambo ambayo hayaandikwi kwenye bei. Je, inakubali simu uliyo nayo? Saa ya Apple inataka iPhone, kwa hiyo mwenye simu nyingine amejinunulia bangili. Je, ina laini yake yenyewe? Hiyo ni nyongeza kwenye bei. Piga kwanza kampuni yako ya simu uulize kama inaiunganisha. Je, chaja yake ni ya kawaida? Nyingi zina kichaja cha sumaku cha aina yao peke yao, na kikipotea utakisubiri kutoka Dubai kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mkanda je, unabadilika kwa wowote, au ni ule wa kampuni tu?

Na umeme. Mtaani kwetu ukikatika jioni unaweza kurudi alfajiri, au usirudi. Saa inayotaka chaji kila usiku itakuwa imekufa kabla ya misa. Zile nyembamba za mpira, zenye kioo kidogo, hukaa siku kadhaa kwa chaji moja, zinahesabu hatua na kutikisika simu ikiita. Hazipendezi na suti. Ndizo ninazoshauri kwa mwenye chini ya dola 60.

Betri itachoka baada ya miaka miwili mitatu, iwe ndani ya dhahabu au mpira. Kumbuka pia kwamba betri nyingi za aina hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nyingi yake barabara ya Kolwezi. Metali yetu iko ndani, haionekani, na hakuna anayeikodolea macho harusini.

Kijana wa mezani alishuka hadi 45 nilipomrudishia. Nikamwomba chaja. Akainama chini ya kitambaa, akapekua, akasema chaja ni dola 10 zaidi, na noti isiwe imechanika.