Je, Uchumi Umekua Ikiwa Kingo za Mto Zimeporomoka?

Kila mwaka tunatangaziwa kwamba uchumi umekua kwa asilimia fulani. Kipimo kinachotumika ni Pato la Taifa, yaani jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hakitoi kile kilichoharibika katika uumbaji. Simon Kuznets, mwanauchumi aliyeandaa hesabu hizo nchini Marekani mwaka 1934, alitahadharisha mapema kwamba haziwezi peke yake kuonesha ustawi wa watu.

Tuchukue mfano wa hapa Kijenge. Mtu anakata miti kwenye kingo za mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, anauza mbao, kisha anajenga vyumba vya kupangisha. Mbao, ujenzi na kodi ya pango vyote vinahesabiwa kuwa ukuaji. Masika yakifika, maji yanabomoa nyumba ya jirani aliye bondeni. Saruji ya kuijenga upya nayo inaongeza pato. Udongo uliopotea na hasara ya jirani havimo katika hesabu. Ni kama mfugaji anayeuza ng'ombe wa maziwa na kuziita fedha zote faida, hali zizi limebaki tupu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulipitisha mfumo wa uhasibu unaoziweka rasilimali za misitu, maji na udongo pamoja na takwimu za uchumi. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 10 za Afrika zilizokubaliana huko Gaborone kuzingatia thamani ya maliasili katika mipango ya maendeleo.

Katika Waraka wa *Laudato Si'* (2015, na. 195), Papa Fransisko, akimrejea Papa Benedikto XVI, anafundisha kwamba gharama za kutumia mali ya wote zibainishwe wazi na kubebwa na anayezisababisha, si na wengine wala vizazi vijavyo. Hili ni suala la haki, kwa kuwa jirani wa bondeni analipa deni asilolikopa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, kabla ya kuanza mradi wowote, tuandike kitakachoingia, kitakachopotea na nani atakayelipa. Wakili katika Injili ya Luka (16:1-8) alidaiwa hesabu ya mali isiyo yake, nasi tutadaiwa.