Mawimbi ya Redio Yapenyapo Mwilini

Katika mwongo wa mwisho wa karne ya 19, tabibu wa Paris aitwaye Arsène d'Arsonval aliwastaajabisha wenziwe alipobainisha ya kuwa umeme ule ule unaomkakamaza mtu misuli, na hata kumwua, ukigeuzwa mwelekeo maelfu mengi ya mara kwa sekunde hupita mwilini asihisi pigo lolote, ila ujoto unaoenea taratibu. Neva hazidiriki kuitikia msukumo mmoja kabla haujafika wa pili wa kuubatilisha. Lakini chembe za maji na chumvi zilizomo katika nyama hazina budi kuyumba pamoja na mkondo, na msuguano wa kuyumba huko ndio uzaao joto.

Mawimbi ya redio, yatokanayo na umeme ugeukao vivyo hivyo, hayana nguvu ya kung'oa elektroni kama miale ya eksirei, na taathira yao iliyo dhahiri ni hiyo ya joto. Damu hulichukua na kulitawanya. Bali lenzi ya jicho, isiyo na mishipa ya damu, hukosa msaada huo, hata mawimbi makali yaweza kuitia mtoto wa jicho. Ama simu za mkononi, kanuni za kimataifa zimeweka kikomo cha wati 2 kwa kila kilo ya nyama ya kichwa. Kuhusu saratani, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi haya mwaka 2011 katika fungu la vitu vinavyoshukiwa kwa ushahidi mchache, na shaka hiyo sioni sababu ya kuificha wala kuikuza.

Joto hilo likikusanywa mahali padogo hugeuka kisu. Tarehe 1 Oktoba 1926, mjini Boston, daktari mpasuaji Harvey Cushing aliondoa uvimbe wa fuvu ambao siku chache kabla ulimshinda kwa wingi wa damu, akitumia chombo cha William Bovie, mtu ambaye, ajabu, elimu yake ya awali ilikuwa ya mimea. Mkondo huingia kwa ncha nyembamba, ukakata nyama na kugandisha damu papo hapo, kisha hutoka kwa bamba pana lililobandikwa pajani, ambapo umetawanyika hata hauunguzi. Ndiyo maana wauguzi hulikagua bamba hilo kabla ya upasuaji: likibanduka likabakia kugusa kwa ukingo tu, mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa huungua pajani, chini ya shuka, asikotazama mtu.