Nyotamkia za 1910 na Suala la Tarehe katika Masimulizi ya Meru na Embu

Katika fasihi simulizi, tukio la angani hutumika mara nyingi kama kigingi cha kufungia wakati. Mtafiti anayekusanya masimulizi huko Meru au Embu, akimsikia mzee akitaja nyota yenye mkia iliyoonekana Wazungu walipokuwa wangali wageni, hushawishika kuandika papo hapo: “Nyotamkia ya Halley, 1910.” Makala hii inakusudia kuonyesha kwa nini uamuzi huo unahitaji tahadhari, na jinsi wanafalaki wanavyokadiria nyotamkia ilitoka wapi na itarudi lini.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha istilahi. Kimondo ni kipande cha jiwe au vumbi kinachowaka kinapoingia katika angahewa, na hutoweka kwa sekunde chache. Nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka jua, na huweza kuonekana kwa majuma au miezi. Kwa hiyo swali la kwanza la mkusanyaji ni hili: je, nyota hiyo ilionekana kwa muda gani?

Hali ya kihistoria nayo huutatiza uamuzi huo. Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, na mwaka 1908 wakaanzisha kituo cha utawala Meru. Mwaka 1910 haikuonekana nyotamkia moja kubwa, bali mbili. Ya kwanza, iliyogunduliwa Januari na wachimba migodi wa Transvaal, ililikaribia jua zaidi tarehe 17 Januari, kisha ikaonekana jioni upande wa magharibi. Ya pili, Halley, ililikaribia jua zaidi tarehe 20 Aprili. Mapema mwezi Mei ilionekana upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, na baada ya tarehe 20 ikahamia magharibi jioni. Januari ni kiangazi katika nyanda za Mlima Kenya, ilhali Mei ni mwishoni mwa masika. Msimulizi akisema kwamba nyota ilionekana alfajiri, Halley inapata nguvu. Akisema ilionekana jioni, wakati wa ukame, ile ya Januari ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi.

Tofauti ya nyotamkia hizi mbili haiishii kwenye majira. Halley hurudi baada ya miaka 76 hivi, na kurudi kwake kumethibitishwa mara nyingi. Mwaka 1705 Edmond Halley alitabiri kwamba ingeonekana tena mwaka 1758, na Krismasi ya mwaka huo ikaonekana, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Ile ya Januari ni ya kundi la nyotamkia za muda mrefu, yaani zinazochukua zaidi ya miaka 200 kulizunguka jua. Muda wake hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu ya miaka. Hapana kumbukumbu ya binadamu inayoweza kuthibitisha ujio wake uliotangulia. Kilichopo ni hesabu tu.

Hesabu hiyo hufanywaje? Wanafalaki hupima mahali nyotamkia ilipo kati ya nyota siku baada ya siku, kisha hutafuta njia inayolingana na vipimo hivyo. Ugumu ni kwamba nyotamkia huonekana katika sehemu ndogo sana ya safari yake, ikiwa karibu na jua. Katika sehemu hiyo, duaradufu ndefu mno hufanana sana na njia isiyojifunga kamwe. Kosa dogo la kipimo laweza kugeuka kuwa maelfu ya miaka.

Aidha, njia inayopimwa leo si ile iliyoileta nyotamkia, wala si ile itakayoiondoa. Sayari huivuta inapopita, hasa Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote. Kwa sababu hiyo wanafalaki hutofautisha njia tatu: ya asili, ya sasa, na ya baadaye. Ili kuipata ya asili, hesabu hurudishwa nyuma hadi nyotamkia ilipokuwa mbali na sayari zote, na umbali hupimwa kutoka kitovu cha uzito wa mfumo mzima, si kutoka jua peke yake. Ili kuipata ya baadaye, hesabu hupelekwa mbele kwa utaratibu uo huo. Pamoja na hayo, gesi inayofuka kutoka kwenye barafu huisukuma nyotamkia kidogo, na nyota zinazopita mbali nazo huivuta.

Mfano bora ni Hale-Bopp, iliyong'aa mwaka 1997 na kuonekana Kenya kaskazini-magharibi jioni za Aprili, pale mawingu ya masika yaliporuhusu. Ilikuja kwa njia ya miaka 4,200 hivi. Aprili 1996 ilipita karibu na Mshtarii, na sasa inaondoka kwa njia ya miaka 2,400 hivi. Nyotamkia ya Bowell, iliyogunduliwa 1980, iliipita sayari hiyo kwa karibu zaidi mwezi Desemba mwaka huo, ikatupwa nje ya mfumo wa jua. Haitarudi tena. Hivyo kusema kwamba nyotamkia “hurudi kila baada ya miaka fulani” ni kauli isiyofaa kwa kundi hili.

Wanahistoria wa eneo hili wanaifahamu njia ya namna hii. Jeffrey Fadiman kwa Wameru na H. S. K. Mwaniki kwa Waembu na Wambeere walitegemea kauli za wazee, na marika yakawa ngazi ya kushukia wakati uliopita. Urefu wa rika moja haukuwa sawa daima, kwa hiyo kila ngazi ya ziada huongeza mashaka. Hata hivyo, hesabu yenye mashaka yaliyotajwa wazi ni elimu. Tarehe iliyobandikwa bila maswali ni dhana tu. Mkusanyaji wa masimulizi hana budi kumwuliza msimulizi: ilikuwa alfajiri au jioni? Kiangazi au masika? Iliangaliwa kwa siku ngapi? Majibu hayo yaandikwe kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, na mwaka ufuate baadaye.