Hotuba fupi iliyomsaidia kijana kusoma

HOTUBA haipimwi kwa urefu. Katika mikutano ya TED, iliyoanza Marekani mwaka 1984, msemaji hupewa dakika zisizozidi 18 ili ashike jambo moja na kulieleza likaeleweka.

Juni 2007 mkutano huo ulifanyika mjini Arusha. William Kamkwamba wa Malawi, wakati huo akiwa na miaka 19, alieleza kwa Kiingereza cha kusitasita jinsi alivyoacha shule kwa kukosa ada, akasoma vitabu vya maktaba na kuunda mtambo wa upepo wa kufua umeme kwa vipuri vya baiskeli.

Ufasaha ulipungua, lakini kazi ilijieleza. Baadhi ya waliomsikiliza walijitolea kumsomesha, na mwaka 2014 akahitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani.